Sasisho moja, hitilafu tatu: uchambuzi wa ruta ya nyumbani iliyogoma baada ya kusasishwa

Ruta ya nyumba moja ilijisasisha usiku. Asubuhi printa na kamera mbili za ulinzi hazikuungana tena na Wi-Fi. Kompyuta mpakato iliungana, ila mtandao wa 5 GHz ulikuwa ukipotea, ukirudi, kisha ukipotea tena. Kufikia mchana tatizo la tatu lilikuwa limejitokeza: ujumbe wa maandishi ulitoka kwenye simu bila shida lakini picha zilikwama njiani, na tovuti kadhaa zilibaki zikizunguka tu wakati nyingine zilifunguka papo hapo.

Vifaa vya nyumba hiyo ni vya kawaida. Kuna kisanduku cha fiba cha mtoa huduma, na kebo inayotoka hapo hadi kwenye mlango wa WAN (upande wa intaneti) wa ruta ya Wi-Fi 6 yenye bendi mbili. Ruta ndiyo inayoingia kwa mtoa huduma kwa njia ya PPPoE, yaani kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Televisheni imeunganishwa kwa kebo. Vingine vyote viko kwenye Wi-Fi. Printa na kamera zina redio ya 2.4 GHz peke yake.

Kabla ya uchunguzi wowote, hatua tatu zilikuwa zimeshachukuliwa. Ruta ilizimwa na kuwashwa mara kwa mara. Seva za DNS, zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba, zilibadilishwa kuwa 8.8.8.8. Kisha faili ya nakala rudufu ya mipangilio, iliyohifadhiwa zamani chini ya toleo la nyuma sana la programu dhibiti (firmware, programu inayoendesha ruta), ikarejeshwa ndani ya ruta. Hali haikupona. Hatua iliyokuwa ikisubiri zamu yake ilikuwa kurudisha programu dhibiti ya zamani.

Hiyo ndiyo hatua tuliyoikataa mapema. Masasisho ya ruta mara nyingi huziba matundu ya usalama, na yakishatolewa, yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo jipya na la zamani akajua tundu lilikuwa wapi. Anayerudi nyuma anarudi kwenye toleo ambalo udhaifu wake umeshatangazwa. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter ilikutwa kwenye zaidi ya vifaa 500,000, nyingi zikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo, na iliingia kupitia udhaifu ambao tayari ulikuwa unafahamika. Tena ruta nyingine hazikubali kabisa kushushwa toleo, na nyingine hukubali kisha zikavuruga mipangilio iliyoandikwa na toleo jipya.

Je, sasisho lenyewe lilikuwa na kasoro? Hilo lilijibiwa haraka. Namba ya toleo kwenye ukurasa wa msimamizi ililingana na ile iliyotangazwa na mtengenezaji kwa muundo na namba ya marudio ya kifaa iliyo kwenye kibandiko cha chini. Namba ya marudio isipuuzwe: ruta mbili zenye jina moja, moja v1 na nyingine v2, zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na faili ya moja ikaiua nyingine. Muda ambao ruta imekuwa hewani ulikuwa unaongezeka kama kawaida, maana yake haikuwa inajizima na kujiwasha. Maelezo ya toleo yalikuwa na mistari miwili iliyostahili kusomwa kabla ya kugusa kitu: ulinzi wa WPA3 (usalama wa Wi-Fi unaofuata WPA2) umewezeshwa, na upana wa chaneli wa 160 MHz sasa unatumika kwa chaguo-msingi.

Kilichoupoteza uchunguzi wa awali ni imani kwamba mambo yaliyotokea siku moja yana chanzo kimoja. Yalikuwa na vyanzo vitatu, na kimoja hakikutokana na sasisho hata kidogo.

Kwanza kebo

Kipimo cha kwanza katika kisa chochote cha namna hii ni kuchomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo na kuzima Wi-Fi ya kompyuta hiyo. Tatizo likiisha, lilikuwa la redio. Likibaki, Wi-Fi haihusiki nalo, na dakika zote zitakazotumika kubadilisha chaneli ni za bure.

Hapa lilibaki. Picha hazikupakiwa hata kwa kebo, na tovuti zilezile zilikwama. Televisheni nayo, ambayo haikuwahi kutumia Wi-Fi, ilikuwa ikifungua baadhi ya programu na kugoma kwenye nyingine. Hakuna aliyeihesabu kama ushahidi kwa sababu ilionekana "inafanya kazi". Kwa kipimo hicho kimoja dalili ziligawanyika: picha na tovuti upande wa WAN, printa, kamera na 5 GHz upande wa redio.

Kwenye kebo, kompyuta ilikuwa na anwani ya 192.168.1.x. Ingekuwa na anwani inayoanza na 169.254 ingemaanisha kwamba haikupata jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani, na imejipa anwani yenyewe. `ping 1.1.1.1` ilijibiwa. `nslookup` ya jina la tovuti iliyokwama ilileta anwani mara moja, kwa hiyo DNS haikuwa na kosa, na kuibadilisha kuwa 8.8.8.8 kusingeweza kusaidia. Njia ipo, majina yanatafsirika, vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. Hapo mtu anapaswa kufikiria MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita.

Baiti nane

Ethaneti ya kawaida hubeba pakiti ya hadi baiti 1500. PPPoE huchukua baiti 8 kati ya hizo kwa vichwa vyake, zikabaki 1492. Kupima ni rahisi: tuma pakiti ya ukubwa unaojulikana, ukikataza isigawanywe njiani.

Kwenye Windows: `ping -f -l 1472 1.1.1.1`
Kwenye macOS: `ping -D -s 1472 1.1.1.1`
Kwenye Linux: `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`

Namba hiyo ni ya data peke yake. Juu yake huongezwa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP (itifaki ya ping na ya ujumbe wa makosa ya mtandao), kwa hiyo 1472 ni pakiti ya 1500, na 1464 ni pakiti ya 1492.

Matokeo: 1464 ilijibiwa, 1472 haikujibiwa. Muhimu zaidi ni namna ilivyoshindwa. Ruta iliyopangwa vizuri ikipokea pakiti ya 1500 inayotakiwa kuingia kwenye PPPoE, humjibu mtumaji kwamba pakiti ni kubwa na inahitaji kugawanywa. Hapa hakukuwa na jibu lolote, muda wa kusubiri uliisha tu. Ukimya huo unasema ruta inaamini 1500 inapita, inaituma, na pakiti inapotelea mbele yake. Ukurasa wa WAN ulithibitisha: sehemu ya MTU ilikuwa na 1500.

Namba hiyo ililetwa na faili ya nakala rudufu. Toleo la zamani lilihifadhi mipangilio ya WAN kwa mpangilio tofauti. Toleo jipya lilipoisoma faili hiyo halikuitambua sehemu ya MTU, likajaza thamani ya kawaida ya Ethaneti. Ndiyo maana picha zilianza kukwama mchana, baada ya kurejesha faili, wala si asubuhi. Kwa kuwa kila kitu tayari kilikuwa kimevurugika, hakuna aliyeona kwamba dalili mpya imeongezeka.

Kwa nini basi tovuti nyingine zilifunguka vizuri kabisa? Swali hili huwachanganya watu wengi, na jibu lake ni zuri kulijua. Tovuti nyingi kubwa siku hizi huzungumza na kivinjari kwa QUIC, itifaki inayopita juu ya UDP, njia nyepesi ya kutuma pakiti. QUIC huanza na pakiti za takriban baiti 1200 na huzikuza tu baada ya kujaribu na kupata jibu, hivyo haikukutana na ukuta wa 1492. Tovuti zinazotumia TCP, itifaki ya jadi ya intaneti, hukubaliana ukubwa mwanzoni mwa mazungumzo: kompyuta inayodhani njia ni ya 1500 hutangaza kwamba itapokea vipande vya baiti 1460 za data, na seva humwaga pakiti zilizojaa. Mtoa huduma anazitupa, kisha anaitumia seva ujumbe wa ICMP kuiomba ipunguze. Kuta za moto (firewall) nyingi huzuia ujumbe huo. Seva haijui kitu, inarudia pakiti ileile, na kivinjari kinazunguka. Upande wa kutuma ni vivyo hivyo: maandishi ni pakiti ndogo, picha ni mfululizo wa pakiti zilizojaa.

MTU ya ruta ikiwa 1492, ruta yenyewe huingilia makubaliano hayo ya mwanzo na kushusha 1460 kuwa 1452 kwa niaba ya kila kifaa cha nyumbani. Huna haja ya kugusa simu wala televisheni. Namba ilirekebishwa, muunganisho wa PPPoE ukakatwa na kuunganishwa upya, na kipimo cha 1472 sasa kikajibiwa kwa onyo la kugawanya pakiti, kama inavyotakiwa. Picha zikapita.

Wapo wanaoshauri kuweka 1400 "kwa usalama". Tunapinga: unapoteza nafasi kwenye kila pakiti na unaficha kipimo cha kweli. Wala 1500 kwenye PPPoE si kosa kila mahali, kwa sababu watoa huduma wengine hukubali fremu kubwa kidogo zinazobeba 1500 kamili ndani ya PPPoE. Kipimo ndicho kinachoamua: 1472 ikijibiwa sawasawa, acha 1500 ilipo.

5 GHz inayopotea na kurudi

Chaneli ilikuwa imewekwa 36, na watu wa nyumba hiyo walikuwa wamesoma kwamba 36 haina rada. Ni kweli kwa upana wa 20, 40 na 80 MHz, kwa kuwa 80 MHz kuanzia 36 hukaa kwenye chaneli 36 hadi 48 tu. Lakini 160 MHz kuanzia 36 huenda hadi 64, na chaneli 52 hadi 64 ni za kugawana na rada. Sasisho lilipopanua chaneli kutoka 80 hadi 160, ruta iliingia kwenye eneo hilo ingawa ukurasa uliendelea kuonyesha 36.

Kwenye chaneli hizo ruta hailali vivi hivi. Inapowashwa lazima isikilize kwa sekunde 60 kabla ya kurusha chochote. Ikisikia rada, au kitu inachokidhania kuwa rada, inatakiwa kunyamaza ndani ya sekunde 10 na kutoitumia chaneli hiyo kwa dakika 30. Kwa Ulaya, chaneli zinazogusa masafa ya rada za hali ya hewa, 5600 hadi 5650 MHz, husikilizwa kwa dakika 10 nzima.

Sasa tazama kilichotokea. Kila 5 GHz ilipopotea, ruta ilizimwa na kuwashwa. Kila ilipowashwa, ilianza upya kusikiliza dakika nzima, na 5 GHz haikuonekana. Anayesubiri kwa sekunde 40 kisha akachomoa tena umeme hataipata 5 GHz kamwe. Logi ya mfumo ilikuwa na mistari ya rada kugunduliwa ikifuatwa na kubadilishwa chaneli. Saa za mistari hiyo zililingana na nyakati ambazo kompyuta ilikatika mchana.

Upana ulirudishwa 80 MHz na chaneli ikaachwa 36, si kwenye "otomatiki". Pale ambapo 149 na kuendelea zinaruhusiwa, hizo pia ni chaguo zuri. Kasi inayoandikwa kwenye kisanduku hupungua kwa nusu, lakini simu nyingi hazina redio ya 160 MHz, na kifaa kimoja kilicho nayo hakistahili kuwatesa wote wengine. Mtu asikimbilie kubadilisha nchi kwenye mipangilio ya ruta ili kukwepa sheria ya rada. Baadhi ya rada hizo ziko karibu na viwanja vya ndege zikifuatilia upepo unaogeuka ghafla, na Wi-Fi ya nyumbani inaweza kweli kuzivuruga.

Printa na kamera

Baada ya sasisho, mtandao mkuu ulikuwa unatangaza WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na majina ya 2.4 na 5 GHz yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Washukiwa wakawa wawili, na ukiwakamata wote kwa mara moja hutajua nani alikuwa na hatia.

Hali ya mchanganyiko ya WPA2/WPA3 imekusudiwa kuwabeba vifaa vya zamani: kifaa kisichojua WPA3 kinapaswa kuendelea na WPA2 kama kawaida. Pamoja na WPA3 huja ulinzi wa fremu za usimamizi, PMF, ambao katika hali ya mchanganyiko ni wa hiari. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Kwa vitendo, programu za baadhi ya printa, kamera na balbu zikikuta njia mbili za kuingia katika tangazo moja hukwama, na ujumbe zinaotoa ni kwamba nenosiri si sahihi. Ujumbe huo umewafanya wengi wabadilishe nenosiri lililokuwa zima.

Kipimo kilikuwa mtandao wa wageni kwenye 2.4 GHz peke yake, WPA2 yenye usimbaji wa AES, PMF imezimwa, upana 20 MHz, chaneli 6. Printa iliingia mara ya kwanza, na kamera zikafuata. Basi redio zao ni nzima na umbali hauna tatizo. Kisha kwenye mtandao mkuu WPA3 ikaondolewa upande wa 2.4 GHz tu, majina yakiachwa yameunganishwa. Printa ikaingia tena. Jina moja la bendi mbili halikuwa na hatia, lilibaki.

Mpangilio wa mwisho: 5 GHz inabaki na WPA2/WPA3, kwa kuwa simu na kompyuta zote za nyumba hiyo zinaikubali, 2.4 GHz ni WPA2 yenye AES. TKIP, usimbaji wa zamani, isirudishwe kwa kisingizio cha vifaa vya zamani: ni dhaifu kiusalama, na huirudisha Wi-Fi kwenye kasi za enzi ya 54 Mb/s kwa sababu viwango vya 802.11n na kuendelea haviiruhusu. Kwa 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. 40 MHz kwenye bendi hiyo huwakanyaga majirani nao wakakukanyaga.

Printa haiwezi kuachwa kwenye mtandao wa wageni, maana mtandao huo huzuia vifaa visionane na vile vya mtandao mkuu, na simu hazingeipata. Kamera zinazotuma picha kwenye huduma ya intaneti, kinyume chake, zinafaa kukaa huko moja kwa moja. Programu hasidi ya Mirai ya mwaka 2016 ilikusanya jeshi lake kutoka kwenye kamera na vifaa vya aina hiyo vilivyobaki na majina na manenosiri ya kiwandani.

Kufuta na kuandika upya

Vyanzo vilipojulikana, faili ya nakala rudufu haikuweza kuaminiwa tena. Kama iliharibu MTU, huenda ilikuwa imeharibu mengine. Mipangilio yote ilifutwa na kuandikwa kwa mkono. Kabla ya kufuta, kila ukurasa ulipigwa picha, na jina la PPPoE, nenosiri lake na namba ya VLAN (lebo ya kutenganisha mitandao), kwa watoa huduma wanaoitumia, zikathibitishwa. Bila hizo ruta iliyofutwa haina njia ya kuingia, na kuzitafuta bila intaneti ni shida.

Kitufe cha kufuta kilishikiliwa kwa takriban sekunde 10 hadi taa zikabadilika. Kwa kebo, ukurasa wa msimamizi ukafunguliwa kwa anwani ya lango inayoonekana kwenye `ipconfig`, ambayo kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Utaratibu ulikuwa huu: nenosiri jipya la msimamizi, kisha WAN na MTU, kisha kupima kwa kebo pekee hadi picha zipite. Ndipo Wi-Fi ikaguswa, kwa jina na nenosiri vilevile vya awali ili vifaa visihitaji kuelekezwa upya. WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN, ikazimwa, kwa kuwa udhaifu wa PIN yake umejulikana tangu 2011. Usimamizi kutoka nje ukazimwa pia. DNS ikarudishwa kwa mtoa huduma, kwa sababu hakukuwa na hoja ya kuihamisha. Nakala rudufu mpya ikahifadhiwa, jina la faili likiwa na namba ya toleo, ili siku nyingine ijulikane ni ya toleo gani kabla ya kurejeshwa.

Kujisasisha kumeachwa kuwashwa. Kila toleo jipya likiingia, sehemu tatu za kulinganisha na picha zilizopigwa ni MTU, upana wa chaneli ya 5 GHz, na aina ya ulinzi wa 2.4 GHz. Anayesasisha kwa mkono afanye hivyo kwa kebo, alinganishe alama ya SHA-256 ya faili na ile ya mtengenezaji (`certutil -hashfile faili.bin SHA256` kwenye Windows, `shasum -a 256 faili.bin` kwenye macOS), na asiguse umeme hata kama ukurasa umeonekana kuganda kwa dakika 10.

Kamera moja kati ya mbili imeshaachwa na mtengenezaji wake, haipati tena masasisho. Imebaki kwenye mtandao wa wageni, nenosiri lake la kiwandani limebadilishwa, na UPnP imezimwa kwenye ruta ili isijifungulie mlango kutoka nje, hadi itakapobadilishwa.